Maana ya Maneno: "Viti vya Mbele" na "Viti vya Nyuma"

Wasomaji wa habari za Bunge la Uingereza hukuta mara kwa mara ya kwamba mjumbe fulani "amerudi viti vya nyuma." Maana yake si kwamba amefukuzwa Bungeni. Yafaa maneno haya yaelezwe.

Katika Bunge hilo, huko London, viti ni mabenchi marefu yaliyopangwa safu safu, pande mbili zikielekeana. Upande wa kuume wa Spika hukaa chama kinachoshika serikali; upande wa kushoto hukaa wapinzani. Benchi la mbele la kuume ni la Mawaziri, na lile linaloelekeana nalo ni la viongozi wa upinzani. Wajumbe wasio na cheo hukaa nyuma yao. Hao ndio watu wa viti vya nyuma.

Tofauti yao si ya mahali tu. Waziri amefungwa na uamuzi wa Baraza la Mawaziri. Asipoweza kuutetea mbele ya watu, sharti ajiuzulu. Mjumbe wa nyuma naye huhimizwa sana na chama chake apige kura pamoja nacho, lakini yu huru zaidi kusema yaliyo moyoni mwake.

Uhuru huo si jambo dogo. Tarehe 8 Mei 1940, baada ya mashaka ya vita huko Norway, wajumbe zaidi ya 30 wa upande wa Waziri Mkuu Neville Chamberlain walipiga kura pamoja na wapinzani. Serikali ilishinda kwa kura 281 dhidi ya 200, lakini ushindi huo ulikuwa mwembamba kuliko ilivyotazamiwa. Siku mbili baadaye Chamberlain alijiuzulu, na Winston Churchill akashika mahali pake.

Maneno haya yalifika Kenya pia. Chama cha KADU kilipovunjwa mwezi wa Novemba 1964, wajumbe wa KANU wa viti vya nyuma ndio waliobaki kuwahoji Mawaziri. Kwa Katiba ya mwaka 2010, Waziri hawezi kuwa mbunge. Uongozi wa pande mbili za Bunge uko kwa kiongozi wa walio wengi na kiongozi wa walio wachache.

Basi asikiaye ya kwamba mjumbe wake amerudi nyuma asidhani amempoteza. Cheo kimemwondoka, lakini kura yake ni ile ile, na ulimi wake umefunguliwa.