Gonga Ukuta Kwanza

Wadogo zangu, mmoja wenu wa kule Umoja ameniuliza swali ambalo limeninyima usingizi. Amegawa chumba cha kulala kwa bodi za jipsamu ili apate bafu la ndani. Vigae ameshanunua, na fundi anamwambia wabandike juu ya jipsamu hiyo hiyo. Mpenzi, mzuie leo leo.

Bafu langu la Komarock lilifanywa hivyo, nami nikakubali kwa kuwa lilipendeza. Mwaka haukwisha. Grauti haizuii maji, inayapunguza tu. Yalipenya polepole, karatasi ya bodi ikaota ukungu, unga wa ndani ukalainika kama uji. Asubuhi moja vigae vinne vikaporomoka mwanangu akiwa anaoga, kimoja kikamkata mguu. Kovu analo hadi leo.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua rangi ya kigae, gonga ukuta. Ukisikia sauti nzito, hilo ni jiwe au bloku, kama ilivyo kwenye kuta nyingi za nje huku kwetu, kuanzia Buruburu hadi Dandora. Hapo huhitaji bodi yoyote. Kwangua rangi ya mafuta, upige patasi ili gundi ishike, na plasta ya simenti iwe imenyooka na kukauka. Fundi akitaka ununue bodi kwa ukuta wa mawe, mwombe akueleze sababu, tena taratibu.

Ukisikia uwazi ndani, yaani fremu ya mbao au chuma, basi sehemu ya kuogea inataka bodi ya simenti. Bei yake inazidi ya jipsamu, najua. Ila heri upunguze kwenye vigae, uchukue vile vya kawaida vinavyotengenezwa hapa nchini kule Kajiado, kuliko kubana pesa kwenye kitu kinachovibeba. Ile jipsamu ya kijani wanayosifia dukani inavumilia mvuke, kwa hiyo nyuma ya sinki sawa. Chini ya shawa, hapana.

Ukutani tumia bodi ya milimita 12. Simama na fundi anapoifunga. Skrubu nyeusi za jipsamu zitashika kutu, kwa hiyo nunua zilizopakwa zinki, zikae kila sentimita 20 hivi. Kati ya bodi na bodi aache mwanya wa milimita 3, aujaze gundi ya vigae na kuufunika kwa utepe wa neti. Ukingo wa chini usiguse sakafu, la sivyo bodi itafyonza maji kama utambi wa taa.

Na hapa ndipo mafundi wengi wanaporuka: bodi ya simenti haiozi, lakini maji yanaipita. Ipakwe dawa ya kuzuia maji mara mbili, pembe zote zikiwemo, na ikauke kabla ya kigae cha kwanza kubandikwa. Fundi akisema ana haraka, mwache aende, arudi kesho.

Kama bado una shaka, omba dukani vipande viwili vilivyobaki, cha jipsamu na cha simenti. Vitie kwenye beseni la maji usiku kucha. Asubuhi jaribu kuvivunja kwa mikono yako, fundi akiwa amesimama hapo anaangalia.