Mawimbi ya Asili Juu ya Nyanda za Kigoma
Kijitabu cha elimu kwa umma

Msimu wa mvua, mtu wa Muyama mwenye redio ya mkulima iliyofunguliwa masafa ya kati anaweza kujua kwamba radi inapiga ng'ambo ya Ziwa Tanganyika kabla hajaona wingu. Redio inakwaruza. Kila mkwaruzo ni wimbi la sumakuumeme lililotolewa na radi, na wimbi hilo huweza kusafiri maelfu ya kilomita. Sisi ni majirani wa karibu wa radi kuliko watu wengi duniani: utafiti wa setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta eneo la Kabare, mashariki mwa Kongo, likipata mimweko ipatayo 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Ni Ziwa Maracaibo la Venezuela tu lililolizidi.

Si mawimbi yote ya radi yanayobaki huku chini. Baadhi hupenya hadi juu ya anga na kufuata mistari ya sumaku ya dunia. Mjerumani Heinrich Barkhausen aliandika mwaka 1919 kuhusu miluzi iliyosikika kwenye simu za kunasa mazungumzo ya adui wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1953 Owen Storey, akiwa Cambridge, alieleza chanzo chake: wimbi la radi limevuka kutoka nusu moja ya dunia hadi nyingine kupitia angani, sauti nyembamba ikitangulia na nzito ikichelewa. Huku kwetu, karibu na ikweta, mistari hiyo imelala na haipandi juu sana, kwa hiyo miluzi haisikiki kirahisi.

Mawimbi yanayozaliwa huko huko juu

Dunia imezungukwa na eneo linalotawaliwa na sumaku yake, yaani magnetosfia. Sehemu yake ya ndani ina mikanda ya Van Allen, iliyogunduliwa mwaka 1958, ambamo elektroni na protoni zenye nishati kubwa zimenaswa. Jua likitikisa eneo hili, elektroni mpya husukumwa ndani na kuanza kutoa mawimbi. Yapo yanayoitwa kwaya, kwa sababu yakigeuzwa kuwa sauti hufanana na ndege wanaolia alfajiri. Yapo pia ya mvumo, yasiyo na mapigo, yanayojaa karibu zaidi na dunia.

Kazi zao zinapingana. Kwaya inaweza kuzipa elektroni kasi kubwa mno, hadi zikatishia vifaa vya setilaiti. Mvumo huzitawanya taratibu mpaka zinaanguka angani na kupotea, ndiyo maana kuna nafasi karibu tupu kati ya mkanda wa ndani na wa nje. Wataalamu walionesha mwaka 2008 kwamba sehemu ya mvumo huo ni kwaya iliyoingia ndani na kunaswa humo.

Afrika Mashariki ilichangia kuyafahamu mambo haya, ingawa hatulisemi vya kutosha. Tarehe 15 Novemba 1971, setilaiti ya Marekani Explorer 45 ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, Kenya. Setilaiti ya Uhuru ilikuwa imerushwa hapo hapo mwaka mmoja kabla, siku Kenya ilipoadhimisha uhuru wake. Malindi ilifaa kwa sababu iko karibu na ikweta: Explorer 45 ilibaki juu ya ukanda wa ikweta, ikipanda hadi kilomita 27,000 hivi, na ni karibu na ikweta ya sumaku ndiko kwaya huzaliwa. Vipimo vyake vya mawimbi na chembe vilitumiwa na watafiti kwa miaka mingi.

Je, yana madhara kwetu?

Hapana. Mawimbi haya ni dhaifu mno yakifika ardhini, kama yanafika. Hayaunguzi simu, hayakaushi mahindi wala maharage, na redio ya FM haiwezi kuyanasa. Ule ujumbe unaosambazwa kwenye simu, kwamba usiku wa leo miale ya angani itapita na uzime simu yako, ni uzushi wa miaka mingi, usiusambaze. Hata intaneti iliposumbua Tanzania tarehe 12 Mei 2024, siku chache baada ya dhoruba kubwa ya jua, chanzo kilikuwa nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilizokatika upande wa kusini mwa Afrika.

Kinachoua ni radi yenyewe. Ukisikia ngurumo, tayari uko mahali inapoweza kukufikia. Acha jembe, ondoka kilimani na chini ya mti, usikae kwenye kibanda cha shambani kilicho wazi. Ingia kwenye nyumba yenye kuta au gari lenye paa la bati, kaa mbali na nyaya na mabomba, na usitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini, kwa hiyo mshikeni bila woga. Kama hapumui, anayejua kukandamiza kifua aanze mara moja, na wengine watafute usafiri wa kumpeleka zahanati.