Elimu ya Afya: Rangi na Mwanga Vinavyofichua Saratani

Daktari mpasuaji anapofungua tumbo la mgonjwa mwenye saratani ya ovari, hutegemea macho na vidole vyake. Uvimbe mkubwa haumsumbui kuutambua. Shida ni vile vijipele vidogo kama punje za mtama, vilivyojishikiza kwenye utumbo. Rangi yake haitofautiani sana na ya nyama nzima inayovizunguka, na kikiachwa kimoja ndani, ugonjwa unaweza kurudi.

Ndiyo sababu watafiti wametengeneza dawa zinazofanya saratani ing'ae. Mojawapo, pafolasianini, iliidhinishwa Marekani mwezi wa Novemba 2021 kutumika katika upasuaji wa saratani ya ovari. Seli nyingi za saratani hiyo hunasa kwa wingi foleti, ile vitamini ambayo mama mjamzito hupewa kliniki kwa njia ya tembe. Wataalamu walichukua kitu kinachofanana na foleti wakakiunganisha na rangi inayong'aa. Mgonjwa hutiwa dawa hiyo kwenye mshipa saa 1 hadi 9 kabla ya upasuaji. Seli za saratani huipokea kama vitamini ya kawaida. Kisha kamera maalum humulika tumboni kwa mwanga ambao jicho halioni, na penye saratani hung'aa kwenye skrini. Mgonjwa huambiwa asitumie tembe za foleti kwa siku 2 kabla ya hapo, kwa maana seli zikishashiba vitamini hazitainasa rangi vizuri.

Katika utafiti uliofanywa kabla ya idhini hiyo, wanawake 134 walichunguzwa kwa mwanga wa kawaida na pia kwa kamera. Takriban 27 kati ya kila 100 walipatikana na angalau sehemu moja yenye saratani ambayo macho na mikono ya daktari haikuwa imeigundua. Hata hivyo si kila king'aacho ni saratani. Figo nazo hung'aa, na baadhi ya tezi pia, kwa hivyo maabara ndiyo yenye neno la mwisho.

Kwa saratani ya kibofu cha mkojo, dawa nyingine huingizwa kibofuni kwa mpira mwembamba na kuachwa kwa muda wa saa moja hivi, kisha daktari huchungulia kwa mwanga wa buluu. Seli zenye kasoro huonekana nyekundu au za waridi. Hapo hupatikana hata saratani changa iliyo bapa, ambayo kwa taa nyeupe ni rahisi kuipita.

Kamera za aina hii ni za vyumba vya upasuaji vya hospitali kubwa, na bei yake si ya mchezo. Lakini wazo la kupaka kitu ili kasoro ijitokeze si geni kwetu. Katika Hospitali ya Tenwek, Bomet, madaktari wamechunguza umio kwa kunyunyizia aidini: sehemu nzima hugeuka kahawia, zenye kasoro hubaki zimepauka.

Na mama akienda kupimwa mlango wa kizazi katika kituo cha afya, muuguzi hupaka maji ya siki na kusubiri dakika moja hivi. Sehemu ambayo huenda ikageuka saratani baadaye hubadilika kuwa nyeupe. Wengi huogopa doa hilo kana kwamba ni hukumu. Mara nyingi si saratani. Ni dalili ya mapema, na ikifaa hutibiwa kwa kugandishwa au kuchomwa kwa joto, pengine siku hiyo hiyo, bila kulazwa.

Kipimo hiki hasa ni cha wanawake wa miaka 25 hadi 49, hata wasio na maumivu wala damu isiyo ya kawaida. Wanaoishi na virusi vya HIV hupimwa mara nyingi zaidi, na ratiba yao hupatikana kwa muuguzi wa kliniki wanakochukulia dawa. Kwa mama aliyekoma hedhi, siki huenda isionyeshe vizuri, kwa kuwa sehemu inayochunguzwa hurudi ndani. Mweleze muuguzi umri wako ili akuelekeze kwa kipimo cha virusi vya HPV.