Monada na Ubwiri Unga: Asili ya Mmea na Afya ya Bustani

Katika majimbo ya mashariki ya Marekani na sehemu za kusini-mashariki mwa Kanada, bustani nyingi za maua ya kudumu hupambwa wakati wa kiangazi na mmea mrefu wenye vichwa vya maua mekundu, vilivyochanua pande zote mfano wa shada. Jina lake la kienyeji huko lina maana ya "zeri ya nyuki". Wataalamu wa mimea huuita Monarda, na katika makala haya utaitwa monada.

Mmea huu hupendwa, lakini pia hulalamikiwa. Mwaka wa kwanza na wa pili hustawi na kuchanua vizuri. Mwaka wa tatu, ifikapo Agosti, majani yake huonekana kana kwamba yamenyunyiziwa unga mweupe. Kisha hukauka na kupukutika kuanzia chini, yakaacha mabua matupu. Mwenye bustani hukimbilia dawa. Makala haya yaeleza kwa nini dawa si jambo la kwanza la kufikiriwa, na kwa nini tiba ya kweli huanzia siku ya kupanda.

Jamaa ya mrehani

Monada ni ya jamaa moja na mrehani, kivumbasi na nanaa. Msomaji akishika bua la mrehani na kulizungusha kati ya vidole, atahisi pembe nne. Bua la monada ni hivyohivyo. Majani yake pia hukaa mawili mawili yakielekeana, na yakifikichwa hutoa harufu kali ya mafuta yaliyomo ndani yake. Baadhi ya spishi zina thimoli kwa wingi, ambayo ni dawa ya kuua vijidudu.

Jina Monarda lilitolewa na Linnaeus, mtaalamu wa Sweden, kwa heshima ya Nicolás Monardes, tabibu wa mji wa Seville nchini Hispania. Tabibu huyo aliandika katika karne ya 16 juu ya mimea ya dawa iliyoletwa kutoka Amerika, ingawa yeye mwenyewe hakufika huko. Katika miaka ya 1740, John Bartram wa Pennsylvania alipeleka mbegu za monada nyekundu kwa Peter Collinson wa London, na hivyo mmea ukaingia katika bustani za Ulaya.

Spishi mbili, makazi mawili

Zipo spishi zipatazo 20 za monada, zote za asili ya Amerika ya Kaskazini. Mbili kati yake ndizo zinazopandwa zaidi, na tofauti yao ndiyo kiini cha somo hili.

Ya kwanza ni Monarda didyma, yaani monada nyekundu. Kwa asili huota kandokando ya vijito na katika misitu yenye unyevu ya milima ya Appalachia, penye udongo mweusi wenye mboji usiokauka. Ya pili ni Monarda fistulosa, yenye maua ya rangi ya urujuani hafifu. Hii imeenea mahali pengi zaidi, nayo huota katika nyanda za majani na kingo za misitu, penye jua na upepo na udongo unaoweza kukauka wakati wa kiangazi.

Basi mtu akiichukua monada nyekundu kutoka ukingo wa kijito na kuipanda kwenye tuta kavu kando ya ukuta, ameutenga mmea na maji uliyoyazoea. Akiibana pia kati ya mimea mingine, ameuzuilia upepo. Mambo haya mawili ndiyo yanayoufungulia ugonjwa mlango.

Jinsi ugonjwa unavyofanya kazi

Ugonjwa wenyewe ni ubwiri unga, jina ambalo wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi wanalifahamu vyema. Hata hivyo, kuvu wa korosho na kuvu wa monada si mmoja. Kila mmoja una mimea yake unayoishambulia. Kinachofanana ni mwenendo.

Nyuzi za kuvu hutambaa juu ya ngozi ya jani, kisha hupenyeza vijirija ndani ya seli na kufyonza chakula. Ule unga unaoonekana ni nyuzi hizo pamoja na spora zake, ambazo hupeperushwa na upepo hadi majani mengine. Magonjwa mengi ya kuvu huhitaji jani liwe limelowa ndipo spora zichipue. Ubwiri unga hauhitaji hivyo. Unyevu wa hewa ya usiku unatosha. Kwa sababu hiyo ugonjwa waweza kushamiri hata katika majuma yasiyo na mvua, wakati ambapo mizizi ina kiu na hewa kati ya mabua imetulia.

Ni nadra ubwiri unga kuiua monada kwa mara moja. Hasara yake huja polepole. Jani lililofunikwa hutengeneza chakula kidogo, na jani lililopukutika halitengenezi chochote. Kwa kuwa sehemu ya juu ya monada hufa kila majira ya baridi, uhai wa mwaka unaofuata hutegemea akiba iliyowekwa katika mashina yatambaayo chini ya udongo, mfano wa tangawizi ila ni membamba zaidi. Akiba ikipungua mwaka hadi mwaka, kichaka hudhoofika.

Kanuni za upandaji na utunzaji

Kanuni ya kwanza ni kuchagua aina inayolingana na mahali. Penye udongo mkavu yafaa ipandwe monada ya urujuani. Penye udongo unaohifadhi maji, monada nyekundu yaweza kustawi. Pia zipo aina zilizoteuliwa kwa ukinzani wake. Mojawapo ni 'Marshall's Delight', iliyotokana na kazi ya kituo cha utafiti cha Morden katika jimbo la Manitoba, Kanada. Matokeo ya majaribio ya Bustani ya Mimea ya Chicago, yaliyochapishwa mwaka 1998, yalionyesha kwamba aina za monada hutofautiana sana katika kushambuliwa na ubwiri unga. Aina kongwe 'Cambridge Scarlet' inajulikana kwa kuugua upesi.

Kanuni ya pili ni nafasi. Miche ipandwe sentimita 45 hadi 60 kati ya mmoja na mwingine, mahali penye jua kwa sehemu kubwa ya siku. Mabua yakisongamana mwanzoni mwa msimu, baadhi yakatwe ili hewa ipite.

Kanuni ya tatu ni maji na chakula. Udongo utiwe mboji na kufunikwa kwa majani makavu ili usikauke. Maji yamwagwe chini, kwenye mizizi. Mbolea ya naitrojeni isizidishwe, kwani huleta majani laini ambayo kuvu huyapenya kwa urahisi.

Kanuni ya nne ni kugawa kichaka. Monada husambaa kutoka katikati kwenda nje, na sehemu ya kati huzeeka na kufa. Kila baada ya miaka mitatu hivi, majira ya kuchipua yanapoanza, kichaka king'olewe, sehemu ya kati itupwe, na vipande vichanga vya pembeni vipandwe upya. Hii ndiyo sababu malalamiko mengi husikika mwaka wa tatu: ndipo msongamano unapokamilika.

Kanuni ya tano ni usafi. Majani na mabua yaliyougua yaondolewe bustanini msimu unapokwisha, kwani kuvu waweza kuvuka majira ya baridi humo.

Dawa na wageni wa ua

Salfa husaidia ikiwa itatumiwa mapema, kabla unga haujaenea. Haiwezi kulirudishia jani uzima wake. Tena ipo sababu nyingine ya kujihadhari na unyunyiziaji. Ugonjwa huu hushtadi wakati maua yamechanua, na ua la monada halikosi wageni. Monada nyekundu, yenye mrija wa ua wa sentimita 3 au zaidi, hutembelewa na ndege mvumaji mwenye mdomo mrefu, kama chozi wa Afrika anavyofyonza mbochi wa maua marefu. Monada ya urujuani hutembelewa sana na nyuki wakubwa wenye manyoya. Nyuki wa asali, ambaye ulimi wake hauzidi milimita 7 hivi, hapati mengi katika ua jekundu, licha ya jina la mmea. Yeyote anyunyiziaye dawa juu ya maua hayo huwanyunyizia na wachavushaji.

Hitimisho

Wakulima wa korosho hupogolea mikorosho yao ili mwanga na hewa vipenye, nao hutafuta miche ya aina zenye ukinzani. Mwenye bustani ya monada hutenda jambo lilelile kwa kugawa vichaka na kuchagua spishi. Katika hali zote mbili swali la kwanza si "Dawa gani itumike?" bali "Mmea huu kwa asili uliishi wapi, na hapa umekosa nini?" Anayejiuliza hivyo kabla ya kuchimba shimo la kwanza atakuwa amepunguza ugonjwa kwa gharama ndogo kuliko bei ya kopo moja la dawa.