Bei za omena hewani: kuendesha mfumo wa vipande mkiwa Migori na Homa Bay

Tuseme mko watatu: mmoja Rongo, mmoja mjini Migori, wa tatu Mbita. Jioni, kwa kujifurahisha tu, mnajenga tovuti ya bei za omena za Sori, Muhuru Bay na Mbita. Kabla ya kuigawa katika huduma ndogondogo, yaani vipande, jihesabuni. Kipande kisicho na mlezi msikianzishe. Martin Fowler, ambaye mwaka 2014 aliandika na James Lewis makala iliyolieneza wazo la huduma ndogondogo, mwaka uliofuata alishauri kuanza na programu moja nzima. Nyinyi watatu, vipande vitatu vinawatosha: kurasa, bei na ujumbe mfupi.

Kubalianeni kwanza jinsi vipande vitakavyozungumza, kisha kila mtu achague lugha yake ya programu. Andikeni sehemu za kila bei: ufuo, tarehe, kipimo, shilingi. Kipimo msikisahau. Bei ya debe ikiwekwa kando ya bei ya gorogoro bila maelezo, tovuti itawapotosha wachuuzi.

Seva msiiweke nyumbani. Stima itapotea, na laini nyingi za simu hazina anwani zao za pekee za intaneti, hivyo wa nje hawaifikii. Kodisheni seva ndogo ya Linux yenye kumbukumbu ya GB 2, na kila kipande kiwe kontena, zote zikielezwa katika faili moja ya Docker Compose. Wekeni `restart: unless-stopped` ili seva ikizimika na kuwaka, vyote viinuke vyenyewe. Kubernetes? Kwa kazi ya ukubwa huu ni mzigo mtupu.

Imeji za kontena hizo zijengwe na GitHub Actions na ziwekwe kwenye ghala la imeji, seva izivute kutoka huko. Seva ndogo hukwama ikijenga yenyewe. Tena mnaokoa bando: kutoka Mbita unapandisha msimbo tu, kilobaiti chache, badala ya imeji ya mamia ya megabaiti.

Hapa wengi hunaswa: mlango uliofunguliwa na Docker chini ya `ports` huipita ngome ya ufw. Unaweza kudhani hifadhidata yenu ya PostgreSQL imefungwa, kumbe dunia nzima inabisha hodi. Hifadhidata isipewe `ports` kabisa; kontena huonana ndani kwa ndani kwa majina. Mbele muweke seva ya wavuti ya Caddy peke yake, kwenye milango ya 80 na 443, nayo itajichukulia vyeti vya HTTPS na kuvihuisha.

Nywila zikae katika `.env`, nje ya Git. Iliyoponyoka ikaingia, kuifuta hakutoshi kwa sababu historia inaitunza; ibadilisheni. Kila huduma iwe na hifadhidata yake na mtumiaji wake, hata kama PostgreSQL ni moja. Kila usiku `pg_dump` itoe nakala ihifadhiwe nje ya seva, na mara kwa mara mmoja wenu airejeshe kwenye laptopu yake kuona kama inafanya kazi.

Mkihifadhi nambari za simu za wachuuzi, ombeni ridhaa yao na muwaeleze mtazitumia kwa kazi gani; msidhani Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 itawaacha kwa kuwa mnajifurahisha tu.

Mwisho, akaunti ya seva na ya jina la tovuti zisiwe mikononi mwa mtu mmoja. Angalau wawili wawe na funguo, na maelezo ya kuinua mfumo upya yaandikwe leo, kabla mmoja wenu hajapata kazi Nairobi.