Somo la 31: Mganga mpya wa Lemera

1. Mlima wenyewe

Nani katika ninyi amefika Uvira ao Bukavu? Kati ya miji hii miwili unapita mto Ruzizi. Unatoka katika ziwa Kivu na kuingia katika ziwa Tanganyika. Ziwa Kivu liko juu, yapata metre 1,460 juu ya bahari. Ziwa Tanganyika liko chini, yapata metre 770. Kwa hiyo maji ya Ruzizi yanashuka mbio kati ya mawe, kisha yanatulia katika uwanda mpana wenye joto.

Upande wa magharibi wa uwanda huo inasimama milima. Huko juu ndiko Lemera, katika inchi ya Wafuliiru. Watu wanalima mihogo, maharagwe na ndizi, tena wanafuga ng'ombe. Vijiji vingi viko mbali na barabara. Njia ni nyembamba, na wakati wa mvua udongo unateleza kama sabuni. Mtu mwenye afya anapanda na kushuka akiimba. Lakini mgonjwa, je?

2. Mtoto wa Bukavu

Tarehe 1 mwezi wa tatu, mwaka wa 1955, mtoto alizaliwa Bukavu. Jina lake ni Denis Mukwege. Alikuwa mtoto wa tatu katika watoto tisa. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa la Kipentekoste, na mara nyingi alikwenda kuwatazama wagonjwa nyumbani mwao.

Siku moja, alipokuwa na miaka minane, Denis alimfuata baba yake kwa mtoto mgonjwa. Baba akaomba Mungu pamoja na wazazi, kisha wakatoka. Njiani Denis akamwuliza kwa nini aliomba tu bila kutoa dawa. Baba akajibu kwamba yeye si mganga; dawa ni kazi ya wale waliojifunza. Neno hilo likaingia moyoni mwa mtoto. Akaamua kwamba siku moja yeye atakuwa mtu wa kutoa dawa.

Watoto wengi wanasema hivyo. Lakini Denis hakusema tu, alisoma. Alisoma miaka mingi, akaenda Bujumbura, katika inchi ya Burundi, akajifunza uganga. Akamaliza mwaka wa 1983. Wakati ule inchi yetu iliitwa Zaire.

3. Mganga mpya anapanda mlima

Basi, mganga mpya atakwenda wapi? Mjini kuna taa, kuna barabara, kuna waganga wenzake wa kumsaidia. Denis Mukwege akaenda Lemera, katika hospitali ya misioni kule mlimani. Alitaka kuwa mganga wa watoto wadogo.

Kazi ya mganga wa mlimani si kama ya mganga wa mji mkubwa. Mjini, mmoja anatazama macho, mwingine meno, mwingine mifupa. Mlimani, mganga hachagui. Asubuhi analetewa mtoto mwenye malaria, anayetetemeka na kuita mama yake. Baada yake anakuja mzee mwenye kichomi, anayepumua kwa shida. Kisha kijana aliyeanguka na kuvunjika mguu. Usiku, wakati watu wote wamelala, mlango unagongwa. Mganga anasimama, anachukua taa, anakwenda.

Ao tuseme dawa imekwisha. Mganga mpya atafanya nini? Ao ameona ugonjwa asioujua vizuri. Atamwuliza nani? Vitabu vyake vinasema mengi, lakini havisemi yote. Ndiyo maana mganga mwenye akili hawadharau wauguzi waliomtangulia. Wao wanaijua inchi, wanaijua lugha, wanajua mgonjwa gani ametoka mbali. Wazee walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni kweli. Lakini mgeni naye hujifunza kwa mwenyeji.

4. Njia ndefu ya mama mmoja

Kule Lemera, mganga Mukwege aliona jambo lililomwumiza moyo. Mama wengi walifika hospitalini wamechelewa. Walibebwa na ndugu zao kutoka vijiji vya mbali. Wengine walifika wakitokwa na damu nyingi. Wengine walifika wakati mtoto amekwisha kufa tumboni.

Fungeni macho kidogo, mfikiri. Huyu ni mama wa kijiji fulani nyuma ya milima. Uchungu umemshika tangu jana asubuhi. Mama wakubwa wa kijiji wanamshika mikono na kumtia moyo. Jua linatua, mtoto hajazaliwa. Kunakucha, mtoto hajazaliwa. Sasa watu wanasema: Tumpeleke hospitali! Lakini kipoyi kiko wapi? Wanaume wako wapi? Wengine wako shambani, wengine wameshuka sokoni. Saa zinapita. Mwishoni wanaume wanne wanakuja, wanamweka mama juu ya kipoyi, wanakwenda. Mvua inanyesha. Wanavuka kijito, wanapanda, wanashuka, wanapanda tena. Wanapofika, mama hawezi tena kusema.

Mganga yuko pale. Ana mikono, ana dawa. Lakini saa nyingi zimepotea njiani, na saa haziuzwi katika duka la dawa.

Sikilizeni vizuri, maana jambo hili lazima kila mtu alijue. Mtoto akizaliwa, tumbo la uzazi linajikaza ili damu isimame. Pengine halijikazi. Basi damu inatoka kama maji ya kijito, na mama anaweza kufa kwa saa chache tu. Pengine tena mtoto ni mkubwa, ao amelala vibaya, hawezi kupita. Kichwa chake kinabana nyama za mama kwa siku moja, siku mbili. Nyama zile zinakosa damu, zinaoza, na tundu linabaki ndani. Tangu siku ile mkojo unatoka wenyewe, mchana na usiku. Ugonjwa huo unaitwa fistula. Watu wajinga wanamcheka mama huyo, wanasema ananuka, wanamfukuza. Kosa lake ni nini? Hana kosa. Alitaka kuzaa mtoto tu.

5. Mganga anarudi shuleni

Mganga Mukwege aliwaza sana. Alikuja kuponya watoto. Lakini mama akifa, mtoto atanyonya wapi? Nani atamfunika wakati wa baridi? Akaona kwamba mtu anayetaka kuokoa watoto, kwanza lazima aokoe mama zao. Akaona tena kwamba hajui kazi ile ya kutosha.

Hapa, watoto, tumtazame vizuri. Yeye alikuwa mganga tayari. Watu walimheshimu. Angeweza kusema: Mimi nimemaliza masomo, sasa wengine wanisikilize. Hakusema hivyo. Aliona haya ya kutojua kuwa ndogo, na kifo cha mama kuwa kikubwa. Mwaka wa 1984 akaenda mji wa Angers, katika inchi ya Ufaransa, akakaa tena juu ya benchi ya mwanafunzi. Huko alijifunza uganga wa wanawake na wa uzazi, mpaka mwaka wa 1989.

Alipomaliza, angeweza kukaa Ulaya na kupata mshahara mkubwa. Lakini aliwakumbuka wale mama wa mlimani. Akarudi Lemera.

6. Usiku wa mwaka 1996

Alifanya kazi Lemera miaka mingine saba. Halafu vita ikaja. Usiku wa tarehe 6 mwezi wa kumi, mwaka wa 1996, watu wenye bunduki waliishambulia hospitali. Waliwaua wagonjwa vitandani mwao, wakawaua na watumishi wasioweza kukimbia. Zaidi ya watu 30 walikufa. Mganga Mukwege hakuwapo usiku ule, kwa hiyo alipona.

Mtu akipoteza hivyo wagonjwa wake na wenzake wa kazi, moyo unavunjika. Nani angemlaumu kama angeacha kazi? Lakini mwaka wa 1999 alianzisha hospitali nyingine katika Panzi, sehemu ya mji wa Bukavu. Alitaka iwe mahali pa mama kuzaa salama. Lakini vita ilikuwa haijakwisha, na wanawake wengi walioumizwa vibaya na watu wa vita walikuja kwake. Yeye na wenzake wakawapasua, wakawashona, wakawaponya, tena wakawarudishia heshima yao. Tangu wakati ule makumi ya maelfu ya wanawake wametunzwa katika Panzi. Mwaka wa 2018 alipewa Zawadi ya Nobel ya Amani, pamoja na Nadia Murad, mwanamke wa inchi ya Irak.

Dunia yote ilisikia habari za Panzi. Lakini sisi tusisahau kwamba njia hiyo ilianza mlimani. Huko Lemera, mganga mpya aliona mama wakiletwa wamechelewa, na hakugeuza macho.

7. Fundisho letu

Pengine mtoto atasema: Mimi ni mdogo, mambo haya ni ya wakubwa. Sivyo. Kila mmoja ana kazi yake.

Mama mwenye mimba aende kupimwa tangu miezi ya kwanza, asingoje kuugua. Kama anakaa mbali, afadhali ashuke siku chache mbele ya kuzaa, akae karibu na hospitali. Wanaume wa kijiji watengeneze kipoyi mapema na kupatana nani atabeba, maana kipoyi hakitafutwi wakati damu inatoka. Uchungu ukipita siku nzima bila mtoto kuzaliwa, pasiwe na mashauri marefu: mama apelekwe. Hata siku moja haijapita, kama damu inatoka nyingi, apelekwe mara moja.

Na ninyi watoto? Mkiona mama mgonjwa, msimcheke. Mkitumwa kuita muuguzi, kimbieni, msicheze njiani. Tena someni. Pengine katika darasa hili, juu ya benchi hii hii, anakaa mganga ao mkunga wa kesho, na kijiji fulani nyuma ya milima kinamngoja.

Maneno

Mganga: hapa ni mtu aliyejifunza kutunza wagonjwa hospitalini, yaani daktari.
Kichomi: ugonjwa wa mapafu, wenye homa na maumivu ya kifua.
Kipoyi: kitanda cha kubebea mgonjwa juu ya mabega, yaani machela.
Mkunga: mtu aliyejifunza kuzalisha.
Uwanda: inchi pana isiyo na milima.
Kuona haya: kusikia aibu.

Maswali

1. Mto Ruzizi unatoka wapi na kuingia wapi? Kwa nini maji yake yanashuka mbio?
2. Denis alimwuliza baba yake neno gani njiani? Baba alijibu nini?
3. Kazi ya mganga wa mlimani inapita kazi ya mganga wa mjini katika shida gani? Taja shida mbili.
4. Kwa nini mama wa vijiji vya mbali walifika hospitalini wamechelewa?
5. Fistula inaletwa na nini? Tufanye nini tukimwona mama mwenye ugonjwa huo?
6. Mganga Mukwege alikuwa amemaliza masomo. Kwa nini alirudi tena shuleni?
7. Mithali inasema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Eleza maana yake, na uonyeshe jinsi inavyofaa katika somo hili.

Kazi ya kuandika

Waulize wazazi wako: Mama akishikwa na uchungu usiku katika kijiji chetu, tunampeleka wapi? Njia ni ya saa ngapi? Nani anabeba? Andika majibu yao kwa mistari kumi, kisha usome mbele ya wenzako.