Umetoka mbio za matope? Homa ikija, mwambie daktari

Na DAKTARI WETU

MBIO za matope na vikwazo ni mchezo ambao umeenea sana ulimwenguni. Washiriki hukimbia kilomita kadhaa, na njiani hupanda kuta za mbao, hutambaa chini ya nyaya, huvuka madimbwi na kubeba magunia ya mchanga. Nchini Uingereza mashindano ya namna hii yalianza mwaka wa 1987 karibu na mji wa Wolverhampton. Kuanzia mwaka wa 2010, kampuni za Marekani ziliyageuza kuwa biashara kubwa.

Huku kwetu Meru na Embu, mchezo huu aghalabu hauji kwa jina hilo. Huja kama siku ya michezo ya wafanyakazi, kambi ya vijana wa kanisa, au mbio za nyika za shule wakati wa mvua. Wapangaji huchagua shamba lenye mteremko, humwaga maji, hufunga kamba, na watu wazima ambao wiki nzima hawainuki kitini hujitosa humo kwa shangwe.

Wakenya si wageni wa vikwazo. Katika mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji, ambazo zimetuletea sifa tangu Amos Biwott alipotwaa dhahabu kule Mexico mwaka wa 1968, mkimbiaji huruka viunzi mara 28 na kidimbwi cha maji mara saba. Lakini kidimbwi cha uwanjani hujazwa maji safi, na anayekiruka amefanya mazoezi kwa miaka. Matope ya shambani ni jambo lingine kabisa.

Lengo la makala haya si kumzuia mtu kucheza. Mwili unaotumika huwa na afya kuliko mwili unaokaa. Lengo ni kumfahamisha msomaji yaliyomo ndani ya matope, ili acheze kwa akili na, zaidi ya yote, ajue la kusema akiugua baadaye.

Ndani ya matope mna nini?

Udongo wetu mwekundu wa miteremko ya Mlima Kenya una rutuba, na kwa sababu hiyo kila boma lina mifugo. Mvua ya Aprili au Novemba inaponyesha, samadi ya zizi, mkojo wa panya waliojaa ghalani na uchafu wa vyoo vya shimo huteremka pamoja hadi bondeni. Mara nyingi bondeni ndipo wapangaji wa mbio huona pametulia na pana maji ya kutosha.

Viini vya maradhi vilivyomo huingia mwilini kwa njia tatu: kwa kinywa, kwa ngozi iliyochubuka, na kwa macho. Mtu anayetambaa kifudifudi huku akihema hawezi kuepuka kumeza tone moja au mawili.

Mwezi Oktoba 2012 mbio za aina hii zilifanywa katika ranchi ya ng'ombe jimboni Nevada, Marekani. Baadaye wagonjwa 22 wa kuhara walitambuliwa, na wanne kati yao wakathibitishwa kwenye maabara kuwa na bakteria aina ya kampilobakta, wanaoishi matumboni mwa mifugo. Wachunguzi walipolinganisha wagonjwa na wenzao waliobaki wazima, waligundua kwamba tofauti kubwa ilikuwa kumeza maji ya matope.

Kuhara kwa siku mbili au tatu humalizika kwa kunywa maji mengi yenye chumvi na sukari ya kuhara. Ukiona damu kwenye choo, au homa kali, nenda hospitali.

Homa ya mgunda

Ugonjwa unaonitia wasiwasi zaidi ni leptospirosisi. Wenzetu wa Tanzania wameupa jina jema la homa ya mgunda. Msomaji wa Embu hahitaji kufasiriwa neno hilo, kwani hata kwa Kiembu mũgũnda ni shamba.

Mwezi Julai 2022 Wizara ya Afya ya Tanzania ilitangaza kwamba ugonjwa huo ulikuwa umezuka wilayani Ruangwa, mkoani Lindi. Watu 20 walikuwa wameugua na watatu kufariki. Wanamichezo nao hawakusalimika kwingineko. Baada ya mashindano ya Eco-Challenge yaliyofanywa Sabah, Malaysia, mwaka wa 2000, wanariadha 189 walihojiwa na 80 kati yao walikuwa na dalili za ugonjwa huu.

Bakteria wake hutoka katika mkojo wa panya, ng'ombe, nguruwe na mbwa. Huweza kuishi kwa wiki kadhaa katika maji na udongo wenye unyevu. Huingia kupitia mkwaruzo mdogo, macho, pua au kinywa.

Dalili huanza siku mbili hadi 30 baada ya mtu kugusa maji hayo, na mara nyingi kati ya siku tano na 14. Mgonjwa hushikwa ghafla na homa, kutetemeka na kuumwa kichwa. Misuli humuuma, hasa ya mgongo na ya mashavu ya miguu. Macho yanaweza kuwa mekundu bila kutoa usaha. Wengi hupona, lakini kwa wachache ugonjwa hushambulia ini na figo: macho yakawa ya manjano, mkojo ukapungua, damu ikatoka mahali isipopaswa. Hapo maisha huwa hatarini.

Mbona hukosewa?

Tazama dalili hizo tena: homa, kichwa, viungo, baridi. Mtu wa kwetu akizipata husema bila kusita kwamba ni malaria au taifodi. Hupita duka la dawa, akanunua dawa ya malaria na kuimeza bila kupimwa. Isipomsaidia, hupimwa damu kwa kipimo cha Widal na kuambiwa ana taifodi. Kipimo hicho kikifanywa mara moja tu kinaweza kuonyesha taifodi kwa mtu asiyekuwa nayo. Wiki moja hupotea hivyo, na wiki hiyo ndiyo figo zilikuwa zikiihitaji.

Malaria ipo, hasa sehemu za chini kama Mbeere na Tharaka baada ya mvua, na lazima ipimwe. Lakini mtu aishiye katika mji wa Meru au Embu, ambaye hajasafiri na kipimo chake cha malaria hakionyeshi kitu, ana haki ya kuuliza: je, ni nini basi?

Daktari hawezi kukisia kwamba karani aliyevaa tai mbele yake alikuwa akitambaa matopeni wiki mbili zilizopita, na karani mwenyewe ameshasahau. Yafaa kumwambia daktari maneno haya: "Tarehe fulani nilikuwa kwenye mbio za matope, nikameza maji na kuchubuka." Sentensi hiyo moja inaweza kubadilisha vipimo atakavyoagiza. Homa ya mgunda ikishukiwa mapema hutibiwa kwa dawa za miaka mingi zisizo ghali, kama vile doxycycline na penisilini. Usijinunulie, acha daktari aamue dawa na kipimo chake.

Kichocho nacho

Wapangaji wengine hupenda kutumia mto au bwawa. Jihadhari. Kichocho cha matumbo kimejulikana kwa miaka mingi katika mashamba ya mpunga ya Mwea, jirani na Embu, na konokono wanaokieneza hupenda maji ya mifereji na mabwawa yanayokwenda polepole. Vijidudu vyake hupenya ngozi nzima, isiyo na jeraha, kwa muda wa dakika chache.

Anayevuka maji ya namna hiyo huenda akawashwa ngozi siku hiyo, kisha akapata homa, kikohozi na vipele wiki kadhaa baadaye. Wengine hawahisi lolote. Kapime choo na mkojo wiki sita hadi nane baada ya kuingia majini. Dawa yake, praziquantel, ni ya kumeza na hufanya kazi vizuri.

Kidonda na pepopunda

Mbegu za pepopunda hukaa katika udongo na samadi. Kidonda kirefu na chembamba, kama cha msumari au mwiba, ndicho huzipenda. Dalili huja kati ya siku tatu na 21: taya hukaza, shingo huwa ngumu, na mwili hujipinda kwa maumivu. Hata katika hospitali kubwa, ugonjwa huu huua.

Wanawake wengi huchanjwa wanapohudhuria kliniki za wajawazito, lakini mwanamume hana kliniki kama hiyo. Mpango wa kitaifa wa chanjo, KEPI, ulianza mwaka wa 1980. Mwanamume aliyezaliwa kabla ya hapo huenda hakuchanjwa utotoni kamwe. Na hata aliyechanjwa akiwa mchanga, kinga yake hupungua akikua. Mtu mzima ambaye hajawahi kuchanjwa huhitaji sindano tatu: ya pili wiki nne baada ya ya kwanza, na ya tatu baada ya miezi sita au zaidi. Kisha huongezewa kila baada ya miaka 10. Kwa kidonda kichafu, pata nyongeza ikiwa miaka mitano imepita.

Ukijikata, osha kidonda kwa sabuni na maji safi yanayotiririka kwa dakika tano hadi kumi, mpaka mchanga wote utoke. Usipake majivu, mafuta ya taa wala dawa ya meno. Kidonda kirefu kionwe na mhudumu wa afya siku hiyo hiyo.

Kabla ya kujiandikisha

Ukiwa umepita miaka 40, au una shinikizo la damu, kisukari, pumu au kifafa, muone daktari kwanza. Mjamzito asishiriki. Asiyejua kuogelea asikubali kurukia maji marefu kwa sababu tu wenzake wanampigia makofi. Mwezi Aprili 2013 mshiriki mmoja wa mbio kama hizi huko West Virginia, Marekani, alizama kwenye kikwazo cha kuruka majini na akafariki.

Wapo wanaotafuna miraa ili wapate nguvu. Miraa ni riziki ya nyumba nyingi za Igembe na Tigania, nami siizungumzii kwa dharau. Lakini huongeza mapigo ya moyo na shinikizo la damu, na humfanya mtu asihisi uchovu unaopaswa kumwonya. Siku ya mbio, iache.

Vivyo hivyo, usimeze diclofenac au ibuprofen ili kuzuia maumivu yasije. Dawa hizo, pamoja na upungufu wa maji mwilini, huumiza figo. Aidha, mtu asiyezoea akijilazimisha kupita kiasi, misuli yake huweza kuharibika na mabaki yake kuziba figo. Mkojo ukibadilika rangi na kuwa kama chai ya rangi, usingoje kesho.

Hali ya hewa nayo huamua mengi. Katika mashindano ya dunia ya mbio za nyika mjini Mombasa, Machi 24, 2007, hata Kenenisa Bekele wa Ethiopia alishindwa kumaliza kwa sababu ya joto. Mbeere na Tharaka zina joto kali pia. Huku juu, ukungu wa Julai huleta hatari ya kinyume: aliyelowa na kusimama kwenye upepo hupoteza joto upesi. Anayetetemeka na kuanza kusema maneno yasiyoeleweka avuliwe nguo mbichi na afunikwe blanketi mara moja.

Kwa wapangaji

Chimba shimo la matope mwenyewe, mbali na zizi na choo, na ulijaze maji ya bomba au ya kisima kirefu. Wazuie mifugo kupita hapo kwa wiki kadhaa kabla. Ondoa vioo, misumari na seng'enge. Weka maji safi ya kunawa na kusukutua mwishoni mwa kila kikwazo cha matope. Kuwe na mtu anayejua huduma ya kwanza na gari lililo tayari kwenda hospitali. Kisha weka orodha ya majina na nambari za simu. Mmoja akiugua, wengine waarifiwe.

Mambo ya kukumbuka

1. Vaa viatu vilivyofungwa vizuri, suruali ndefu na glavu. Miguu mitupu hukaribisha majeraha na safura.

2. Funga mdomo unapotambaa. Matope yakiingia machoni, suuza kwa maji safi, usifikiche.

3. Ukiteguka kifundo cha mguu, weka barafu iliyofungwa kitambaani na uinue mguu. Usikandwe kwa mafuta moto siku mbili za kwanza. Ukishindwa kupiga hatua nne, kapigwe picha ya mfupa.

4. Oga kwa sabuni mara tu umalizapo, na ukague mwili wote kama una mikwaruzo.

5. Andika tarehe ya mbio kwenye kalenda, na uhesabu siku 30 mbele. Homa yoyote katika siku hizo si ya kununulia vidonge dukani. Nenda hospitali, na neno la kwanza utakalomwambia daktari liwe matope.